Ubao wa Kwa Alfonsi

Filomena hakuwa mtu wa kusamehe, na wala hakuwahi kujisingizia. Jumapili, wenzake wakitoka kanisani na kupeana mikono na mahasimu wao, yeye hutazama pembeni, kanga kaifunga kibwebwe, midomo kaibana. Padri alipomkalisha kitako siku moja na kumsihi, alimjibu kwa adabu zake zote, "Baba, Mungu anawasamehe wengi. Huyu mmoja aniachie mie."

Huyu mmoja alikuwa Nassibu. Na kabla hujamwona Filomena mwanamke wa roho mbaya, sikia kwanza alilofanyiwa, halafu useme wewe ungefanyaje.

Mumewe, Alfonsi, alikuwa Mmakonde wa Newala, fundi wa kuchonga aliyekosa soko la vinyago akaangukia kibarua cha reli. Alikuwa kwenye genge, wale wanaopita na nyundo wakibadilisha mataruma na kukaza misumari. Wakati huo Uhuru ulikuwa unanukia tu, haujaiva. Walikaa kambi ya reli nje ya mji, upande wa kwenda Pugu, mahali pa mihogo na mikorosho pasipokuwa hata na jina. Alfajiri gari la wafanyakazi lilipita kwenda mjini, jioni likarudi, na halikusimama. Makuli wa bandarini na vibarua wa viwandani walilitazama likiwapita, kisha wakashika njia kwa miguu mpaka kituo cha mbele.

Nassibu alikuwa mmoja wa makuli hao. Alikuwa sahibu yake Alfonsi, wa kula sinia moja. Filomena alimwita shemeji, naye akamwita shemeji, na ugali wa nyumba ile aliujua kuliko wa kwake.

Ikaja masika moja, mvua ya siku hazihesabiki, barabara imekuwa bahari ya tope. Mke wa Nassibu, Bi Kuruthumu, akashikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Wakunga waliinua mikono. Nassibu alikaa kizingitini kwa Alfonsi akilia kwa sauti, mwanamume mzima, makamasi yanamtoka. Alfonsi aliingia ndani, akachukua bendera nyekundu.

Sasa bendera nyekundu ya genge haichezewi. Ni ya reli iliyovunjika, au daraja lililochukuliwa na maji, basi. Ukiipunga kwa jingine umejifukuzisha kazi mwenyewe. Alfonsi alilijua hilo kama alijuavyo jina lake, na bado alisimama katikati ya reli akaipunga mpaka gari likasimama mbele yake likipumua mvuke. Dereva akatoa kichwa, matusi ya lugha tatu.

"Reli imevunjika wapi?"

"Haijavunjika, bwana. Anayevunjika ni huyu."

Wakampandisha garini Bi Kuruthumu, aliyelazwa kando ya reli juu ya kitanda cha kamba. Akajifungulia hospitali ya mjini, akarudi mzima na mtoto wa kike mzima. Wakamwita Sikudhani, kwa kuwa kweli hakuna aliyedhani.

Alfonsi akafukuzwa kazi, na kambini akatolewa siku hiyohiyo, vyombo nje, mvua inanyesha. Nassibu alikuja kuwasaidia kubeba. Alishika mkono wa Filomena akasema, "Shemeji, mumeo kanipa mke, kanipa na mtoto. Siku nikilisahau hili, Mungu anisahau na mie." Filomena aliyashika maneno hayo. Hakujua kama mwenzie aliyatema tu kama mate.

Walijenga kibanda palepale kando ya reli, Alfonsi akarudia patasi yake. Ndipo likatokea jambo. Madereva wa gari la wafanyakazi walikuwa wamesikia kisa, na wakawa wakifika pale wanapunguza mwendo, wanapiga honi. Watu wakaanza kudandia. "Unashukia wapi?" "Kwa Alfonsi." Hakuna aliyekaa kikao kulipitisha jina lile. Wenyewe mnajua Dar, mahali hupewa jina la mtu aliyetangulia kuwa na maana pale, na jina likishaingia midomoni halitoki kwa nyundo.

Uhuru ulipokuja, watu wakaomba kituo, wakapewa. Reli ilitoa mabati, watu wakatoa nguvu. Kila Jumapili walibeba kifusi kwa makarai, wanaimba, wanashindilia, mpaka jukwaa likainuka. Alfonsi alileta ubao wa mninga mnene, mpana, akauchonga kwa wiki nyingi. Herufi hakuzipaka rangi, alizitoa kwenye mti wenyewe: KWA juu, ALFONSI chini yake, na kuzunguka ukingo akachonga watu waliobebana mabegani kama wafanyavyo Wamakonde. Siku uliposimamishwa, Nassibu ndiye aliyeshika nguzo. Alipiga makofi kuliko wote.

Alfonsi hakuufaidi sana. Kifua kilimchukua miaka michache baadaye, akamwacha Filomena na mwana mmoja, Gaspar. Tangu hapo Filomena alifagia jukwaa lile kila kukicha kabla gari halijafika. Hakuna aliyemtuma. Watu walimwambia, "Mama Gaspar, pumzika," naye akasema hawezi kulala na jina la mumewe lina vumbi.

Huku nyuma Nassibu alikuwa anapanda. Mdomo alikuwa nao, tumbo likafuata. Azimio lilipotangazwa yeye alilishika kwa mikono miwili, si kwa sababu ya wanyonge, bali kwa sababu alishachoka kuitwa kuli. Akawa mwenyekiti wa tawi. Akaacha kumwita Filomena shemeji, akaanza kumwita "ndugu." Ndugu Filomena! Ndugu wa wapi huyu asiyekuja hata arobaini ya Alfonsi, ati ana kikao?

Kisha ikasemekana mkubwa mmoja wa mkoa atapita kwa gari moshi kukagua shughuli za kujitegemea, na atasimama pale. Asubuhi ya siku hiyo Filomena alikuja na ufagio wake, akainua macho, akakuta ubao umegeuzwa. Uso aliouchonga mumewe umetazamishwa nyuma, kwenye mabati ya kituo. Upande wa nyuma, uliokuwa mtupu, umepakwa rangi nyeupe, na juu yake kwa rangi nyeusi, herufi kubwa zimeandikwa KWA NASSIBU.

Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akamfuata Nassibu ofisini kwake.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Ndugu Filomena, hapa tunafuta ukoloni. Alfonsi ni jina la Kizungu. Nchi huru haiwezi kuwa na kituo cha jina la Kizungu."

"Na Nassibu ni jina la kabila gani?"

Watu waliokuwa mlangoni wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Filomena. Nassibu alibadilika rangi. Akasema mama huyu anapinga chama, na asionekane tena jukwaani na ufagio wake, jukwaa ni mali ya umma. Filomena akamwuliza taratibu, "Na Sikudhani, aliletwa na Mzungu gani?" Hapo Nassibu aliita mgambo wamtoe.

Shukrani ya punda ni mateke, waliosema hawakukosea. Filomena alirudi kwake, akafunga mlango, akalia mara moja tu. Alipomaliza akanawa uso akasema kwa sauti, peke yake ndani ya nyumba, "Utalitaja, Nassibu. Jina la mume wangu utalitaja kwa mdomo wako, na la kwako halitakaa mahali pa heshima nikiwa hai." Ndivyo alivyoapa, na kuanzia siku hiyo hakuwa na haja nyingine duniani.

Alisubiri miaka. Wengine chuki yao hupoa, ya Filomena ilikuwa inakolezwa moto kila gari lilipopita na gadi akaita, "Kwa Nassibu!" Watu wazima walimwonea haya, walisema kwa Alfonsi wakiwa naye. Lakini wageni walikuwa wanahamia, watoto wanazaliwa, na hao walijua Nassibu tu. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Aliona jina la mumewe linazikwa mara ya pili, na safari hii bila hata matanga.

Basi Jumuiya ikavunjika, nchi tatu zikagawana vichwa vya treni kama watoto wa marehemu wanavyogawana masufuria, na gari la wafanyakazi likakatwa. Hapakuwa na sherehe. Jioni moja lilipita, kesho yake halikuja. Nyasi zikaota kwenye jukwaa walilolishindilia kwa nyimbo. Mabati ya kituo yakaenda kuezeka ofisi ya tawi. Na mabati mawili matatu, wenye macho waliyaona kwenye banda la kuku la mwenyekiti.

Mwaka huohuo kipindupindu kikaingia. Amri ikatoka, kila nyumba iwe na choo, na choo kiwe na mlango. Nassibu akaitisha mkutano palepale kwenye jukwaa la kituo kilichofungwa, akasoma nyumba zenye kasoro. Choo cha Filomena kilikuwa cha makuti, na mlangoni pamening'inia gunia.

"Ndugu Filomena! Miaka kumi na sita ya Uhuru, bado unajisitiri kwa gunia?" Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Nassibu akanogewa. Akageuka, akaugonga ule ubao kwa fimbo yake. "Haya, tawi linakusaidia. Kituo hakipo tena. Chukua huu ubao ukafanye mlango wa choo. Nyuma yake yumo Alfonsi wako, atakusitiri vizuri!"

Hapo walicheka wachache tu. Wazee waliinamisha vichwa. Filomena alisimama, akajifunga kanga upya.

"Mwenyekiti, umesema mbele ya watu?"

"Nimesema."

"Ubao wote? Pande zote mbili?"

"Wote, mama, wote! Mie nina shida gani na ubao?"

"Nimeshukuru," akasema Filomena, na wale waliokuwa karibu naye walishangaa kumwona anatabasamu.

Nassibu, Nassibu! Angeuchoma ule ubao asingekuwa na kesi. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe.

Filomena aliubeba kichwani mpaka kwa Jamali, mchongaji aliyekuwa rafiki wa marehemu. Akamwambia, "Nipasulie huu. Si kuukata. Uupasue katikati ya unene wake, uso huu ubaki mzima na uso huu ubaki mzima." Jamali aliupapasa, akaona herufi za Alfonsi upande mmoja na rangi ya Nassibu upande wa pili, akaelewa. "Mninga unakubali," akasema, "lakini hautaki haraka." Akamwita mwenzake, wakaulaza juu ya shimo la kupasulia mbao, mmoja juu, mmoja chini, wakavuta msumeno tangu adhuhuri mpaka jua likazama. Ulipoachana, Filomena alipiga kigelegele kimoja kilichosikika mpaka ng'ambo ya reli.

Kipande cha Alfonsi akakitundika juu ya mlango wa nyumba yake, kinatazama njia. Kipande cha Nassibu akakifanya kile alichoagizwa na mwenyekiti. Choo chake kilikuwa kando ya njia hiyohiyo, kila mtu anapita. Akakifunga kwa bawaba za vipande vya tairi, rangi nyeupe nje, herufi nyeusi nje. Mlango ulifika kifuani tu, kwa hiyo aliyeingia ulimwona kichwa kwa juu, na chini ya kidevu chake pameandikwa KWA NASSIBU. Kisha kichwa kinazama.

Mtaa ulikufa kwa kicheko. Siku mbili hazikupita, wanawake walikuwa wanaagana kisimani, "Nishikie ndoo, shoga, nafika kwa Nassibu mara moja." Watoto wakashika. Mtu akila maembe mabichi anaambiwa, "Endelea tu, leo utalala kwa Nassibu." Na kipindupindu kilivyokuwa, hakuna nyumba iliyokosa sababu ya kulitaja.

Nassibu alikuja mwenyewe, anatweta, jasho limelowesha shati. "Toa jina langu chooni!"

"Mwenyekiti, mie ni raia mtiifu. Uliniagiza mbele ya watu."

Akamwita Mzee Shomari, balozi wa nyumba kumi, aamue. Mzee Shomari alikohoa, akatazama chini, akatazama juu, akasema, "Mwenyekiti, sie sote tulisikia. Ulisema pande zote mbili." Nassibu akamleta bwana afya, akitumaini choo kitabomolewa. Bwana afya alifungua mlango, akafunga, akafungua tena. Akasema choo hiki ni cha mfano, na atakayekivunja wakati huu wa ugonjwa atapelekwa mahakamani. Filomena alimletea maji ya kunawa, akamshukuru sana.

Aliyekuja baadaye ndiye aliyemgusa. Ni Sikudhani, msichana mkubwa sasa, mpole, hakuchukua chochote kwa baba yake. Alipiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyanyuka, ukae."

"Mama, baba hali. Hatoki nje. Najua alilofanya, mama yangu kanieleza yote, habari za bendera na kila kitu. Lakini ni baba yangu."

Filomena alimtazama binti yule, akamwona Alfonsi katikati ya reli, bendera mkononi, mvuke umemfunika. Moyo ukalainika, kweli ukalainika. Akasema, "Sikiliza. Sitaki radhi ya mkutano, sitaki mbuzi. Baba yako aje asimame hapa, chini ya ubao ule pale juu, alitaje jina la mume wangu, aseme ahsante. Neno moja. Nitaung'oa mlango huu kwa mikono yangu na kuuchoma mbele yake."

Sikudhani alikwenda, akarudi macho mekundu. Jibu la Nassibu lilikuwa afadhali afe. Filomena akamfuta machozi, akampa na mihogo ya kwenda nayo. "Basi mwanangu, umefika, umesema. Lililobaki si lako."

Ukafika wakati wa basi. Barabara ilitengenezwa, basi likaanza kufika mpaka pale kituo kilipokuwa, na Nassibu, ambaye hakukoma, alihangaika ofisi hii na ile mpaka kituo cha basi kikaandikwa jina lake. Siku ya kwanza kondakta, mgeni wa watu, akaita kwa sauti, "Haya, kwa Nassibu, kwa Nassibu!"

"Aliyebanwa ashuke!" mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma.

Basi zima likaangua kicheko. Kondakta hakuelewa, akaita tena, wakacheka zaidi, mpaka dereva akasimamisha gari ajue kuna nini. Walipomweleza alijishika mbavu. Wiki ile ile ikawa hakuna binadamu mwenye haya zake anayethubutu kusema, "Nishushe kwa Nassibu." Wageni walisema mara moja, wakatazamwa, hawakurudia. Na kwa kuwa mtu lazima ashuke na mahali lazima paitwe, wakarudi kwenye jina lililokuwa juu ya mlango wa Filomena. Makondakta nao wakashika. Kibao cha basi kilisema hivi, midomo ikasema vile, na Dar midomo ndiyo inayoshinda.

Miaka ikasogea. Nassibu alipoteza uenyekiti, wakaingia wengine wenye matumbo mapya. Siku moja Filomena alikuwa anatoka mjini, kakaa kiti cha nyuma, kapu miguuni. Kituo kimoja akapanda mzee na fimbo, kanzu imechakaa, akakaa mbele yake bila kugeuka. Alikuwa Nassibu. Filomena hakukohoa.

Kondakta akaja na tikiti zake. "Mzee, shikamoo. Unashukia wapi?"

Nassibu akajipekua mfukoni kutafuta nauli.

"Mzee wangu, wapi?"

"Kule mbele. Karibu na reli ya zamani."

"Reli ni ndefu, mzee. Kituo gani?"

Watu waliokuwa karibu walikuwa wanamtazama. Filomena aliona shingo yake ikitoa jasho, ikizeeka palepale. Mzee akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Nishushe kwa Alfonsi."

"Sijasikia, mzee."

"Kwa Alfonsi," akasema Nassibu. "Nimesema kwa Alfonsi."

Walishuka pamoja. Hapo ndipo alipogeuka akamwona nani alikuwa nyuma yake safari nzima. Alisimama, akanyoosha mkono. "Shemeji," akasema. Miaka yote ile hakulitumia neno lile.

"Hujambo, ndugu mwenyekiti," akajibu Filomena, mikono yote miwili ameshika kapu. Akampita.

Sikudhani, ambaye siku hizo alikuwa ameolewa jirani, alikuja mbio jioni, uso umejaa furaha. Habari zilikuwa zimeshafika. "Mama, amelitaja! Watu wamesikia. Si ulisema akilitaja?"

"Nilisema alitaje na aseme ahsante, mwanangu. Leo kalitaja kwa sababu ya basi. Hakulitaja kwa sababu ya treni." Akambusu paji la uso, akamwambia akae ale.

Kesho yake akamwita mpaka rangi, akampeleka chooni. Akamwonyesha zile herufi nyeusi, akamwambia zimeanza kufifia, azipake upya.